Unguja na Pemba si mapacha: habari ya ardhi iliyo chini ya visiwa vyetu

Chukua ramani ya bahari, ile ya manahodha yenye namba za kina, kisha angalia baina ya Unguja na Bagamoyo. Utakuta mita 30, 40, pengine 50 hivi, basi. Sasa panda juu uangalie baina ya Pemba na Tanga, hapo namba zinaanza kukimbia, mia mbili, mia nne, mpaka zinafika kama mita 800. Wavuvi wa Pemba hawahitaji ramani kulijua hili, ndo maana jodari na nduaro wanawapata karibu na nchi, samaki ambao kwengine mtu anawafata mbali sana. Yani visiwa viwili, watu wamoja, karafuu ile ile, lakini kimoja kimekaa juu ya ukingo wa bara na chengine kimesimama peke yake na bonde refu limezama nyuma yake.

Mie naona hili swali, la kwa nini visiwa hivi havifanani chini yake, ndo mlango mzuri kuliko yote wa kuingilia kwenye jiolojia kwa mtu wa huku kwetu. Skuli tulisomeshwa ganda, koti, kiini, tukaandika, tukajibu mtihani, na hakuna aliyetuambia kwamba mambo hayo hayo ndo yaliyoifanya Pemba iwe Pemba. Kwa hiyo twende taratibu, tuanze chini kabisa alafu tupande mpaka tufike kwetu.

Kutoka hapo ulipo mpaka katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Hakuna aliyefika na hakuna chombo kilichofika. Shimo la kina kuliko yote ambalo binadamu amechimba liko Kola, Urusi, walianza 1970 na mwaka 1989 likafika mita 12,262, wakashindwa kuendelea kwa sababu joto lilikuwa kama nyuzi 180, zaidi sana ya walivyotegemea, na miamba ya huko chini ilikuwa haikubali tena kuchimbika vizuri. Kilomita 12 katika 6,371, hiyo ni kukwaruza tu ngozi ya juu.

Sasa tumejuaje ya ndani? Kwa matetemeko. Ardhi ikitikisika popote, mawimbi yanasafiri ndani ya dunia nzima na vyombo vya kupimia vilivyotawanywa nchi mbali mbali vinayapokea. Kuna wimbi linalosukuma na kuvuta, hili linafika mwanzo na linapita kwenye kitu kigumu na kwenye kimiminika pia. Na kuna linalotikisa ubavu kwa ubavu, hili likikutana na kimiminika linakufa hapo hapo, halipiti. Basi wataalamu wakaona kwamba tetemeko kubwa likitokea upande mmoja wa dunia, yale ya ubavu hayaonekani upande wa pili, maana yake katikati huko kuna kitu kimeyeyuka. Mwaka 1909 Andrija Mohorovičić wa Kroatia aliona mawimbi yanaongeza kasi ghafla yakishashuka kilomita kadhaa, akajua hapo ganda limeisha na mwamba wa aina nyengine umeanza. Na mwaka 1936 mwanamke wa Denmark, Inge Lehmann, aliona vijimawimbi dhaifu vinafika mahali ambapo havikutakiwa kufika, akakaa akavipigia hesabu, akatoa jibu kwamba ndani ya kile kiini kilichoyeyuka kuna kiini chengine kigumu. Hakuchimba hata futi moja, alisoma karatasi za vipimo tu, na jibu lake linasimama mpaka leo. Mie habari hii kila nikiisoma nastaajabu upya.

Kwa hiyo mpangilio uko hivi. Juu kuna ganda, chini ya bahari kuu ni jembamba, kilomita 5 mpaka 10, na chini ya mabara ni kama 30 mpaka 50 na penye milima mikubwa kama Himalaya linafika 70. Chini ya ganda kuna koti, linashuka mpaka kilomita 2,900, na hapa ndo wengi wanapoteleza, wanafikiri koti ni bahari ya moto inayochemka na sie tunaelea juu yake. Sivyo. Koti ni mwamba mgumu, isipokuwa vipande vidogo vidogo vinavyoyeyuka huku na kule, lakini ni mwamba wa moto ulio chini ya mgandamizo mkubwa na ukipewa muda mrefu unatambaa. Fikiria lami ya barabarani, ukiipiga nyundo inamomonyoka kama jiwe, lakini lori likiegeshwa juu yake jua kali siku kadhaa, matairi yanaacha mashimo. Ugumu na kutiririka vinakaa pamoja, kinachotofautisha ni muda, na dunia muda inao, ina miaka bilioni 4.5.

Chini ya koti kuna kiini cha nje, chuma na nikeli iliyoyeyuka, kuzunguka kwake ndo kunakotengeneza usumaku unaoielekeza dira ya nahodha, mpaka kilomita 5,150. Alafu kiini cha ndani, chuma kigumu, kigumu ijapokuwa joto lake ni zaidi ya nyuzi 5,000, kwa sababu mgandamizo wa huko haukipi nafasi ya kuyeyuka.

Haya, tupande juu. Ganda pamoja na sehemu ya juu ya koti iliyopoa vimeshikana vikawa tabaka moja gumu, unene wake kama kilomita 100, na tabaka hili halikuwa zima, limekatika vipande vipande, ndo hayo wanayoita mabamba. Makubwa yako saba au nane hivi na madogo mengi. Yanatembea sentimita chache kwa mwaka. Sehemu nyengine yanaachana, mwamba uliyoyeyuka unapanda katikati na kuganda na bahari mpya inazaliwa. Sehemu nyengine yanagongana, na kama moja ni la bahari, ambalo ni zito, linazama chini ya mwenzake na kurudi kwenye koti, na lile pande linalozama linavuta lililobaki nyuma yake, wataalamu wengi wanasema huku kuvuta ndo nguvu kubwa kuliko zote inayoyaendesha. Na sehemu nyengine yanapishana tu kwa ubavu.

Mtu aliyesimama mbele ya watu akasema mabara yanahama ni Mjerumani Alfred Wegener, mwaka 1912. Alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa, si wa mawe, na hilo lilimponza. Alionesha kwamba mjusi mmoja wa zamani wa majini, Mesosaurus, mifupa yake iko Amerika ya Kusini na iko kusini mwa Afrika na kwengine hakuna, na mjusi yule hana ubavu wa kuvuka Atlantiki, na miamba ya pande mbili inafatana. Wakamuuliza, kinachosukuma mabara ni nini? Hakuwa na jibu la kuridhisha, wakamkataa, akafa Greenland 1930 bila kukubaliwa. Ilibidi Vita vya Pili vya Dunia vipite, meli zianze kupima sakafu ya bahari, Marie Tharp achore ramani zake miaka ya hamsini zinazoonesha mlima mrefu una ufa katikati chini ya Atlantiki, Harry Hess aandike 1962 kwamba sakafu inazaliwa pale na kusogea pembeni, na mwaka uliofata wataalamu wawili, Vine na Matthews, waoneshe mistari ya usumaku iliyoganda ndani ya mwamba wa sakafu pande mbili za ule mlima inayolingana kama mtu na kivuli chake. Hapo hoja zikaisha.

Sasa tuje kwetu, na hapa ndo patamu.

Zamani sana hapakuwa na Bahari ya Hindi. Afrika, Madagaska, Bara Hindi, Australia, Amerika ya Kusini na Antaktika vilikuwa nchi moja kubwa, Gondwana. Madagaska ilikuwa imebanana na pwani hii yetu, pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania. Kama miaka milioni 165 iliyopita ikaanza kubanduka, ikateremka kuelekea kusini kwa mamilioni ya miaka, na ilipofika ilipo leo, kama milioni 120 hivi iliyopita, ikasimama. Bara Hindi ilikuwa bado imeshikana nayo ubavuni, nayo ikaja kukatika kama milioni 88 iliyopita, ikakimbilia kaskazini mbio sana kwa mwendo wa bamba, ikaenda kuligonga bara la Asia na Himalaya ikapanda. Kwa hiyo bahari iliyokuja kupitwa na majahazi ya kaskazi na kusi ni nafasi iliyoachwa na nchi zilizoondoka. Ukisimama Matemwe ukiangalia mashariki, unaangalia pengo.

Nchi ikipasuka hivyo ukingo wake unazama kidogo kidogo, na mito ya bara inaleta udongo na mchanga na kuumwaga pale, mwaka nenda mwaka rudi, kwa zaidi ya miaka milioni mia. Tabaka juu ya tabaka. Miaka ya mwisho ya hamsini na mwanzo wa sitini BP na Shell walichimba visima vya kutafuta mafuta Unguja na Pemba, wakashuka zaidi ya kilomita tatu na bado walikuwa kwenye mawe ya udongo na mchanga ulioganda, yani chini yetu hapana mwamba mama karibu, ule mgumu wa kale ulio chini ya matabaka yote. Na pale Tundaua, Pemba, mafuta yanachuruzika yenyewe juu ya ardhi, yanatoka kwenye hayo hayo matabaka, mabaki ya vijidudu na mimea iliyofukiwa na kupikwa na joto la chini. Hayatoki kwenye dinasauri kama wengi wanavyosema. Dinasauri wako kweli, lakini wako Tendaguru, Lindi, Wajerumani waliwafukua baina ya 1909 na 1913 na mmoja wao amesimama makumbusho ya Berlin mpaka leo, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu.

Basi hadi hapo Unguja na Pemba zilikuwa sehemu ya ukingo huo huo mmoja, tope moja. Kilichozitofautisha ni pale ardhi ilipoanza kuvutika mara ya pili. Afrika yenyewe inapasuka. Upande wa mashariki kuna bamba la Somalia, magharibi bamba la Nubia, na baina yao ndo bonde la ufa linaloshuka kutoka Afar, Ethiopia, likapita Kenya, Natron, Manyara, na tawi jengine likapita Tanganyika na Nyasa. Ziwa Tanganyika lina kina cha kama mita 1,470, ule ni ufa uliojaa maji. Mvutano huo haukuishia nchi kavu, umekata mistari, yani mikato ya ardhi, mpaka chini ya bahari, kutoka pwani yetu kwenda Msumbiji. Ardhi ikivutwa inakatika vipande virefu, kimoja kinateremka na cha pembeni kinabaki juu au kinainuliwa. Pemba ni kipande kilichobaki juu. Mkondo wa Pemba ni kipande kilichoteremka. Ndo maana pwani ya magharibi ya Pemba ukitoka kwenye visiwa vidogo na miamba maji yanabadilika rangi ghafla, hakuna mteremko wa taratibu.

Watu wananiuliza sana hili: je sie tutaachana na bara? Mkato wa mabamba uko Natron na Manyara na kwenda chini, hauko baina yetu na Dar es Salaam. Tanga, Dar, Mombasa, Unguja, Pemba, wote tuko upande wa mashariki tunasafiri pamoja, milimita chache kwa mwaka, vipimo vya setilaiti vinaonesha. Wako wataalamu wanaokata vipande vidogo zaidi katikati, kuna bamba dogo la Victoria na la Rovuma, lakini picha kubwa ni hiyo.

Na Unguja je? Unguja ilitengwa na maji kupanda. Miaka 20,000 iliyopita dunia ilikuwa na barafu nyingi mno, na maji yaliyogandishwa juu ya mabara yalitoka baharini, kwa hiyo bahari ilikuwa chini kama mita 120 kuliko leo. Sasa rudi kwenye zile namba za mwanzo. Mita 50 ukitoa 120, pakavu. Mtu alikuwa anatoka Bagamoyo anakuja Jambiani kwa miguu na wanyama vile vile. Kwenye pango la Kuumbi, Jambiani, waliochimba walikuta mifupa ya pundamilia na nyati pamoja na vitu vya watu wa zama hizo. Pundamilia, Unguja! Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, waliokuwa upande huu wakabaki. Ndo maana Unguja ilikuwa na chui wake na ina kima punju, na Pemba chui hapana, na kima punju walioko msitu wa Ngezi walipelekwa na watu miaka ya sabini. Mita 800 ukitoa 120 bado ni bahari. Pemba imekatika kwa mamilioni ya miaka, na yenyewe ina popo wake mkubwa asiyepatikana kwengine duniani na ndege wa aina nne ambao ni wake peke yake. Msitu wa Ngezi na lile bonde la baharini ni jambo moja, ukiutaja mmoja umeutaja na mwengine.

Kuna jiwe ambalo sote tunalo na hatulitazami. Nenda kwenye nyumba ya Mji Mkongwe ambayo plasta imeanguka, sogeza uso karibu. Utaona duara zenye mikunjo mikunjo kama ubongo, vitundu vidogo vilivyojipanga kama sega la asali, ganda la kome limekaa upande, pengine kipande cha chaza. Hayo ni matumbawe, yalikuwa hai. Miaka kama 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto zaidi kidogo na bahari ilikuwa juu mita 6 mpaka 9 kuliko sasa, na sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja ilikuwa mwamba wa matumbawe chini ya maji, na samaki wake. Bahari ikateremka, yakafa, mvua ikayagandisha yakawa jiwe. Hiyo ndo maweni yote ya Makunduchi, Jambiani, Nungwi, na kule Pemba upande wa Kojani na visiwani. Babu zetu walilikata wakajengea, wakalichoma kwenye matanuu wakapata chokaa ya kulishikishia, yani ukuta mzima na kinachoushika ni kiumbe kimoja.

Jiwe hilo linakula maji. Maji ya mvua yanachukua hewa ya kaboni angani na kwenye udongo yanakuwa na uchachu kidogo, yakipita kwenye chokaa yanaiyeyusha, na ndo mapango yote haya, Kuumbi, Mangapwani na mengi yasiyo na jina. Ufukweni bahari inalila kwa chini mpaka linakaa kama uyoga, kichwa kikubwa juu na shina jembamba. Na hapa nataka nisemwe nimesema: kwa sababu lina vitundu na nyufa, maji yetu ya kunywa yamehifadhiwa humo humo, na karo likichimbwa juu ya maweni uchafu hausubiri kuchujwa, unateremka moja kwa moja kwenye maji ambayo jirani anayavuta kisimani. Ukivuta kwa nguvu karibu na pwani nako, maji tamu yanapungua na chumvi inaingia chini yake. Mchanga wa shamba tunaouchukua kwa malori ndo chujio lenyewe, ulitandazwa kwa maelfu na maelfu ya miaka, ukishaondoka pale pakabaki jiwe, hakuna mjukuu atakayeuona umerudi. Hili mie linaniuma khasa.

Nimalizie na kutikisika, manake ndo watu wanaloliogopa. Tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili usiku na kidogo, tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilipiga baharini kusini mashariki ya Dar es Salaam, na huku lilisikika, watu wakatoka nje. Ule ulikuwa mkato mmoja kati ya ile mikato ya baharini niliyoisema, umeteleza kidogo. Lakini sie hatuna karibu yetu pahala ambapo bamba linazama chini ya jengine, na matetemeko makubwa kabisa yanatokea sehemu kama hizo tu. Lile la Sumatra la tarehe 26 Disemba 2004 lilikuwa 9.1, na kwa kuwa kila namba moja ikipanda nguvu inazidi kama mara 32, lilizidi letu zaidi ya mara elfu 40. Bamba la Hindi lilikuwa linazama pale, limekwama kwa miaka na miaka, likaachia kwa urefu wa kama kilomita 1,300. Sakafu ya bahari ikanyanyuka, ikanyanyua na maji yaliyo juu yake. Wimbi kwenye kina kirefu linakwenda kwa kasi ya ndege, kilomita mia saba na zaidi kwa saa, na mchana wa siku ile ile likafika Afrika Mashariki. Somalia walikufa watu wengi, na Dar es Salaam wako waliokufa wakiogelea.

Hapa kwetu kuna hatari ya kipekee. Sie bahari kututoka si jambo geni, bamvua ya kwetu inafika tofauti ya kama mita 4 baina ya kujaa na kukauka, na Paje au Bwejuu maji yanakwenda mbali kabisa mpaka kwenye mwamba, mama zetu wanashuka kwenye mwani na watu wanakwenda pweza. Kwa hiyo mtu akiona bahari inarudi nyuma hashtuki. Cha kuangalia ni saa. Anayekaa pwani anajua leo maji yanakauka saa ngapi, na bahari ikikimbia nje ya saa yake, au ikitoka na kurudi na kutoka tena ndani ya nusu saa wakati ambao inatakiwa ijae, acha pweza, acha kamba za mwani, waite watoto mwende juu maweni au bara ya kijiji, na msirudi wimbi la kwanza likipita, yanakuja mengi, yanaweza kuendelea kwa masaa, na mara nyingi la pili au la tatu ndo kubwa.